Tulilicheza swali la Mtukudzi bila kulijibu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu wa miaka mingi. Chakula kilikuwa kimeshaliwa, hotuba zimekwisha, na dijei akaona kwamba sisi wa meza za nyuma tumeanza kusinzia. Basi akaweka 'Todii' ya Oliver Mtukudzi. Ala! Ukumbi mzima uliinuka. Akina mama waliokuwa wamevua viatu walicheza pekupeku. Mabega yalitikisika, mikono ikaenda juu, na kila kiitikio kilipofika watu waliimba kwa sauti moja, Kishona cha kukisia.

Kijana mmoja niliyemfundisha fasihi simulizi zamani kidogo akanijia mezani. "Prof, mbona umekaa? Hii si ni ngoma ya rika lenu?"

Nikamwambia nimekaa kwa sababu huo ni wimbo wa matanga. Akacheka, akidhani ninamtania. Alipoona sicheki, akavuta kiti. "Kwani unasema nini?"

Katika kelele zile sikuweza kumpa jibu la maana. Makala haya ndiyo jibu nililomwahidi.

Wacha nianze kwa kukiri. Mimi mwenyewe niliucheza wimbo huu, tena sana. Ulitoka katika albamu ya Tuku Music mwaka 1998, na haukuchukua muda kufika Nairobi. Tuliusikia redioni, ndani ya matatu, na katika baa ambamo sisi wahadhiri vijana tulijidanganya kwamba tunakwenda kusahihisha mitihani. Mwaka mmoja kabla yake nilikuwa nimemzika binamu yangu. Alikuwa ameugua kwa karibu miaka mitatu, na mwishoni alikuwa mwepesi kiasi kwamba mama yake alimbeba mwenyewe kumtoa juani. Familia ilipokaa kuandika wasifu wa marehemu, kalamu nilipewa mimi, eti kwa kuwa ndimi mwalimu wa lugha. Niliandika kwamba ametutoka "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Hakuna aliyeniuliza miaka mitatu imekuwaje muda mfupi. Wote tulijua. Rais Moi alikuja kutangaza Novemba 1999 kwamba ukimwi ni janga la kitaifa. Kabla ya hapo, na hata baada yake, vijijini ilikuwa ni nimonia, ni malaria, ni kurogwa, au ni "ule ugonjwa wa siku hizi". Sisi wenye kalamu ndio tuliokuwa mafundi wa kuficha.

Katika hali hiyo ndipo 'Todii' ilipotukuta, nasi tukaicheza.

Wimbo wenyewe unafanya nini? Unauliza. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Mtukudzi anapanga mbele yetu hali moja baada ya nyingine: mtu anayejua kwamba virusi vimo mwilini mwake, mtu anayelea huku akijua kinachokuja, mwanamke anayelazimishwa na mtu anayeishi naye. Kila hali inapimwa kwa uchungu wake, kisha anauliza tufanyeje, na waitikiaji wanamrudishia swali lile lile. Hakuna anayelijibu. Hakuna daktari anayejitokeza katika ubeti wa mwisho kutoa maagizo, wala mchungaji wa kuwakemea vijana. Wimbo unaisha, swali liko palepale. Na tusijitetee kwamba hatukijui Kishona, kwa sababu swali analiuliza kwa Kindebele na kwa Kiingereza pia. Kiingereza tulikisikia, tukakiruka, tukakimbilia ngoma.

Todii ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno manne kusema jambo hilo. Kiswahili, sawa na Kishona, kinalibeba swali zima kwa neno moja: tufanyeje. Ile silabi ya kwanza, to-, imebeba nafsi ya 'sisi', ndugu kabisa wa tu- yetu. Mabango ya miaka ile, msomaji atakumbuka, yalisema na 'wewe': jihadhari, jiepushe, chagua. Mazungumzo ya sokoni yalisema juu ya 'wao'. Mtukudzi alichagua 'sisi', na katika 'sisi' hakuna aliyebaki nje, si mgonjwa, si mzima, si mtunzi mwenyewe, ambaye bendi yake ilizika wanamuziki katika miaka hiyo. Nimesoma wahakiki wanaoueleza wimbo huu kama wimbo wa "kuhamasisha umma". Sikubaliani nao. Kampeni ya kuhamasisha huwa na jibu mfukoni kabla haijauliza.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana tabia hii ya kuuliza haikuanza 1998.

Mtukudzi alizaliwa tarehe 22 Septemba 1952 Highfield, mtaa wa Waafrika katika mji ulioitwa Salisbury wakati huo, Harare ya leo. Ni mtaa huohuo ambamo chama cha ZANU kiliundwa 1963, kwa hivyo siasa hakuzifuata, alizikuta mlangoni. Wazazi wake wote wawili walikuwa wanakwaya. Mwaka 1977 alikuwa katika bendi ya Wagon Wheels, ambamo kwa muda alipiga pamoja na Thomas Mapfumo, na wimbo wake 'Dzandimomotera' ukauzwa kwa wingi. Kisha akawa kiongozi wa Black Spirits, bendi ambayo jina lake liliambatana na lake tangu hapo. Vita vya ukombozi vilikuwa vimepamba moto.

Litazame hilo jina, 'Dzandimomotera'. Mwanafunzi yeyote aliyekaa darasani akafundishwa ngeli ya I-ZI anaweza kulipasua. Dz- ni kiambishi cha wingi kinacholingana na zi- yetu. Ndi ni 'mimi', ni- yetu. Momotera ni kuzingira. Jumla yake ni 'zimenizingira'. Zimenizingira nini? Jina halisemi. Mshona atakwambia ni nhamo, yaani dhiki, na sarufi inamruhusu kusema hivyo. Lakini mwaka 1977, katika nchi ya Ian Smith yenye vizuizi vya barabarani na amri za kutotoka nje, kila msikilizaji alikuwa na vitu vyake vilivyomzingira, vyenye kiambishi hichohicho. Mtunzi hakulazimika kuvitaja. Alikiacha kiambishi kifanye kazi.

Mwaka uliofuata, 1978, ikatoka albamu ya 'Ndipeiwo Zano'. Maana yake ni 'nipeni shauri'. Kuna -wo mwishoni ambayo Kiswahili hakina kiungo kama hicho. Inalainisha ombi, kama vile kusema 'nipeni nami tafadhali'. Fikiria kijana wa miaka ishirini na sita, nchi iko vitani, wanamuziki wenzake wanaimba ya kuwatia wapiganaji moyo, naye anaomba ushauri! Miaka ishirini baadaye angeuliza tufanyeje. Ni mtu yuleyule.

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji, maana mwalimu hawezi kupita ubaoni asiguse chaki. Tumezoea kuzipokea nyimbo za Zimbabwe kupitia Kiingereza. Tunasoma tafsiri iliyochapishwa kwenye jalada, tunatosheka. Ilhali kuna njia fupi zaidi inayotoka Harare hadi Mombasa bila kupitia London. Sauti l ya kale ya lugha za Kibantu imegeuka r katika Kishona, na katika Kiswahili mara nyingi imedondoka kati ya irabu mbili. Wao wana nzara, sisi tuna njaa. Wao wana mvura, ambayo kwao ni maji yote, sisi tuna mvua. Wao hukura, sisi hukua. Wao hugara, sisi hukaa, na ile l iliyopotea tunaiona ikirudi tunaposema kalia. Ukiishika kanuni hiyo moja tu, nyimbo za Mtukudzi zinaanza kukufungukia kama mlango wa jirani. 'Dzoka Uyamwe' ni wimbo wa mtoto aliye mbali na mama: rudi unyonye. Kwa nini nisiseme 'rudi uamwe'? Amwa lipo katika kamusi zetu, limekaa tu bila kazi kwa sababu tumelisahau. Albamu ya 1999 aliipa jina 'Paivepo', yaani palikuwapo, neno la kufungulia hadithi. Nani kati yetu aliyelelewa na 'paukwa, pakawa' hawezi kuisikia hiyo pa-? Na kituo cha sanaa alichojenga Norton, magharibi mwa Harare, ili kuwalea wasanii chipukizi, alikiita 'Pakare Paye'. Mahali palepale. Pa- tena.

Basi kwa chombo hichohicho tuufungue wimbo uliomtia mashakani, 'Wasakara'.

Ulitoka mwaka 2000 katika albamu ya 'Bvuma'. Wa- hapa ni u- ya 'wewe' iliyoungana na -a- ya wakati uliopita karibuni. Sakara, ukiifuata kanuni ya r inayodondoka, sikio lako litakupeleka lenyewe kwenye chakaa. Umechakaa. Bvuma ni kukubali. Wimbo unamwambia mtu akubali kwamba amezeeka. Unamtajia dalili moja moja, kwa upole wa mjukuu anayemwambia babu kwamba safari hii fimbo aichukue. Ni hayo tu. Lakini mwaka huohuo serikali ilishindwa katika kura ya maamuzi ya katiba ya mwezi Februari, uchaguzi wa Juni ukawa wa kumwaga damu, na Rais Robert Mugabe alikuwa na umri wa miaka 76. Zimbabwe nzima ilijua nani amechakaa. Muda si mrefu baadaye, katika onyesho moja jijini Harare, fundi wa taa alielekeza mwanga kwenye picha ya rais iliyotundikwa ukutani wakati wimbo huu ukiimbwa. Alikamatwa.

Tafakari kidogo juu ya fundi huyo. Mtunzi alikuwa ameweka kiambishi tu, u-. Fundi akakiwekea nomino. Serikali haikumkamata mwenye kiambishi, ilimkamata mwenye nomino.

Mtukudzi alipoulizwa, hakusema kamwe kwamba alimkusudia Mugabe. Alisema ni wimbo wa uzee, kila mmoja ausikie apendavyo. Wapo waliomwita mwoga kwa sababu hiyo. Walimweka kwenye mizani pamoja na Mapfumo, ambaye serikali ya Smith ilimtia kizuizini, ambaye mwaka 1989 aliitoa albamu aliyoiita waziwazi 'Corruption' akiilenga serikali ya weusi wenzake, na ambaye hatimaye alikwenda kuishi Oregon, Marekani. Mapfumo alitia nomino. Mapfumo akahama. Mtukudzi akabaki nyumbani akiendelea kupiga gitaa Jumamosi kwa Jumamosi mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni ya unga mchana huo.

Nimekuwa nikisita juu ya ubishi huu kwa miaka. Sisi tuliosoma ushairi wa Kiswahili tuna sababu ya kumtetea. Fumbo si woga. Muyaka bin Haji wa Mombasa alikuwa na jibu la kila mwenye kumchokoza mji wake, na mengi aliyafunika kwa mafumbo ambayo wataalamu bado wanayafunua. Fumbo humfanya msikilizaji amalizie shairi mwenyewe, na akishalimalizia ni lake, hawezi kusema aliambiwa. Mamilioni ya Wazimbabwe ndio waliolitia jina la Mugabe ndani ya 'Wasakara'. Ungemkamata nani?

Hata hivyo, haki ni haki. Fumbo linamlinda msemaji, na linamlinda pia anayesemwa. Wakati Joice Mujuru alipopandishwa kuwa makamu wa rais, Mtukudzi alitumbuiza katika sherehe ya kumpongeza, na mashabiki wake wengi wakakasirika. Alijitetea kwamba ilikuwa shughuli ya watu wa kwao. Siuoni ule kuwa usaliti, lakini naona ni bei ya kiambishi. Ukisema 'wewe' bila kumtaja mtu, kuna siku mtu huyo atakualika karamuni, nawe utakosa sababu ya kukataa. Mwanamuziki wetu Eric Wainaina, ambaye baadaye alimshirikisha Mtukudzi katika 'Twende Twende', alikuwa amechagua njia nyingine na 'Nchi ya Kitu Kidogo'. Pale hakuna fumbo la kufumbua, kila mtu aliyewahi kusimamishwa barabarani alijua ni yeye, ama ni aliyemsimamisha. Najua wimbo upi uliwaudhi wakubwa haraka zaidi. Upi utadumu, hilo sina haraka nalo.

Niseme pia lisilopendeza. Mtukudzi aliacha albamu zaidi ya sitini, na si zote zilizostahili kuitwa albamu. Baada ya Tuku Music, ambayo Steve Dyer wa Afrika Kusini aliitayarisha kwa usafi ambao nyimbo zake hazikuwa zimewahi kupata, aliipata sauti yake: gitaa lililokabwa nyuzi mpaka likasikika kama mbira, ngoma za Wakorekore wa kwao zikitembea chini yake, mbaqanga ya kusini ikipita kwa mbali, na juu ya yote ile sauti yake yenye kokoto. Akaipenda mno. Kuna albamu za miaka ya baadaye ambazo huwezi kuzitofautisha usipotazama jalada. Na kila alipoliacha swali akaanza kuhubiri, kuwakumbusha vijana mila, kuwaonya juu ya hili na lile, kalamu yake ilikuwa butu. Maneno ni mazuri, mzee yeyote wa baraza angeyasema. Tatizo ni hilohilo, kwamba mzee yeyote angeyasema.

Linganisha na 'Tozeza', wimbo wa baba mlevi anayempiga mama. Kwa mhubiri, huo ungekuwa wimbo wa kuwaonya walevi. Mtukudzi anampa mtoto sauti. Tozeza, 'tunaogopa'. To- ileile ya todii. Safari hii 'sisi' ni watoto walio nyuma ya mlango wakisikiliza viatu vya baba vikikaribia. Hakuna hukumu inayotolewa, na baba aliyemo ukumbini akiwa na chupa mkononi hana wa kubishana naye.

Na 'Neria' je? Huu Wakenya wengi wanaujua kuliko wanavyojua kwamba kuna filamu. Filamu yenyewe, ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, mwandishi wa Nervous Conditions. Jesesi Mungoshi aliigiza Neria, mke aliyechuma mali pamoja na mumewe mjini. Mume anakufa ajalini, shemeji anakuja na jina la mila mdomoni, anakomba kila kitu, hadi kesi inafika mahakamani. Mtukudzi alitunga muziki na yeye mwenyewe akaigiza humo. Wimbo haumwambii Neria aende kortini, wala haumtukani shemeji. Unamliwaza tu, kwa jina lake, tena na tena. Mwanzoni niliuona kuwa wimbo mlegevu kwa filamu kali kama ile. Niligeuza mawazo nilipousikia katika mazishi kijijini kwetu, kaburi bado bichi, na mashemeji wameshaanza kuuliza funguo za posho mill ziko wapi. Mama yule mjane alikuwa na Sheria ya Urithi upande wake. Ilikuwa imeanza kutumika nchini tangu 1981. Ambacho hakuwa nacho pale kaburini ni mtu wa kumwita kwa jina. Kila mtu alikuwa akimwita 'mke wa marehemu'. Ndipo kipaza sauti cha kukodi kikaanza kumwita mwanamke mwingine, wa mbali, kwa jina lake.

Kishona huita kurithi 'kugara nhaka', kuukalia urithi. Na kilichokuwa kikikaliwa mara nyingi kilikuwa ni mjane mwenyewe.

Machi 2010 Mtukudzi alimpoteza mwanawe Sam katika ajali ya gari. Kijana alikuwa na miaka 21, mpigaji saksofoni na gitaa, na baba alikuwa ameshaanza kumwandalia kiti. Albamu aliyoitoa 2012 aliiita 'Sarawoga'. Hapa kanuni yetu inatusaidia na papo hapo inatutega. Sara ni kubaki, ndiyo saa ya Kiswahili cha zamani, ile inayoonekana leo katika salia na masalio. Lakini woga si woga. Mswahili anasikia hofu, na kwa Mshona -oga ni peke. Sarawoga ni kusalia peke yako. Nilipoliona jina hilo kwanza nilikosea, nikadhani ni wimbo wa mtu anayeogopa. Baadaye nikajiuliza kama nilikosea sana. Kwa mara ya kwanza ile 'sisi' yake iliyotubeba sote miaka yote imeondoka kwenye jina. Amebaki mmoja, hana wa kumuuliza afanyeje.

Alifariki tarehe 23 Januari 2019 jijini Harare akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa kisukari, mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, baada ya rafiki yake Hugh Masekela. Hiyo ilikuwa wiki ngumu Zimbabwe. Bei ya mafuta ilikuwa imepandishwa, watu wakaandamana, wanajeshi wakawafyatulia risasi, intaneti ikazimwa. Serikali hiyohiyo ikamtangaza kuwa shujaa wa taifa, mwanamuziki wa kwanza kupewa heshima hiyo. Nafasi ilikuwepo katika makaburi ya mashujaa pale Harare. Alizikwa Madziwa, kwa wazee wake.

Nilimtumia yule kijana wa harusini muhtasari wa haya kwa WhatsApp, pamoja na tafsiri yangu ya 'Todii' kwa Kiswahili, tafsiri ambayo bado ina viraka. Alikaa kimya siku mbili. Kisha akaniandikia usiku: "Prof, mamangu alifariki 2001, nikiwa darasa la tatu. Kwenye ule wasifu waliandika nimonia." Chini yake akaongeza swali, kama ninaweza kumtafsiria na 'Sarawoga'.

Nimeanza. Mistari minne ya kwanza imekubali, wa tano unakataa kata kata.